Kwa mdogo wangu anayehamia homu za Kasapa

Mdogo wangu,

Mama ameniambia umepata chumba kwenye homu za Kasapa, yale mabweni ya kampasi ya chuo kikuu, na kwamba mtalala wanne. Chumba kimemfurahisha, hao wengine watatu wanamtia wasiwasi. Mimi nimefurahia vyote. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu najua wako wengi Lubumbashi wanaofunga magodoro wakati huu, na sidhani kuna aliyewagusia habari ya vitabu.

Ya masomo utaambiwa na kila mtu. Silabisi za maprofesa, yaani vijitabu vya mihadhara yao, utazinunua, utazikariri, utazitapika kwenye mtihani. Ninachokuomba mimi ni kwamba chumbani kwenu kiwepo walau kitabu kimoja ambacho hakuna profesa atakayekiuliza.

Sisi tulikuwa na riwaya ya upelelezi, ya Kifaransa, ambayo Mwanasheria aliinunua kwa wauza vitabu vikuukuu wanaovipanga chini kando ya barabara. Wenzangu nitawaita kwa fakalti zao, sijawaomba ruhusa ya majina: Mwanasheria, Mjiolojia, na Daktari wa Ng'ombe aliyekuwa anasomea mifugo. Jalada lilikuwa limechanika, karatasi zikinuka mafuta ya taa. Umeme ulipokatika, tochi ya simu moja haikutosha silabisi nne, ila ilitosha watu wanne ikiwa mmoja anasoma kwa sauti. Tukaanza hivyo. Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni ya kwetu unaijua. Tulijifunika blanketi hadi masikioni, mikono iliyokuwa nje ni ya msomaji tu, na vidole vyake vilipokufa ganzi alimpa mwingine zamu.

Daktari wa Ng'ombe ndiye aliyetuzidi wote. Inspekta wa Paris alimpa sauti ya dereva wa teksi wa komini ya Kenya, ya hapo Lubumbashi, na mjane tajiri akaongea kama mama muuza makala, yaani mkaa, anayekataa kupunguza bei. Mjiolojia alimkatiza kila mara: udongo wa kwenye viatu vya mshukiwa ni mwekundu au mweusi? Majirani wakaanza kuja na blanketi zao, hata makizari, wale wanaolala kwenye homu bila kuandikishwa.

Tukafika pale inspekta amekwisha kuwakusanya wote sebuleni, anainua kidole, na kurasa zikaishia hapo. Za mwisho hazikuwemo. Ghasia iliyozuka sijaiona tena! Mwanasheria akaamua tufungue kesi: kila mtu alete mwisho wake, na authibitishe kwa maneno yaliyomo kitabuni. Tulibishana kwenye foleni ya maji, tukabishana tukisonga bukari, yaani ugali. Mjiolojia alirudi hadi sura ya tatu kuchunguza vile viatu. Siku ya kupiga kura, Daktari wa Ng'ombe akafungua sanduku lake la bati, akakunjua koti jeupe la maabara, na kurasa zenyewe zikatoka humo. Alikuwa amezikata kwa wembe tangu kitabu kilipoingia chumbani. Tulimrukia kwa mito, kisha tukamkalia kimya asome.

Mzaha ule nauheshimu mpaka leo. Haukumdhalilisha mtu, na ulitufanya tusome kwa namna ambayo hakuna mtihani uliowahi kutulazimisha, tukitilia shaka kila sentensi.

Ya chumvi kwenye chai na mguu wa suruali ulioshonwa yatakukuta. Cheka, kisha lipiza. Ila sahani ya mtu usiichezee, huenda ndiyo ya siku nzima. Wakongwe wanaojiita "poil" watataka kukubatiza kwa kuwa wewe ni "bleu", mgeni wa chuo. Wakikuambia imba, imba kwa nguvu zote. Wakifika kwenye vipigo au kuvuana nguo, ondoka zako.

Na kuna mzaha mmoja nakukataza kabisa: kugonga milango na kupiga mayowe koridoni umeme ukiwa umekatika. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 watu wenye silaha waliwaingilia wanafunzi kwenye homu za kampasi hiyo hiyo, na walioshuhudia walisimulia kwamba umeme ulikatwa kwanza. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Mlango unaogongwa gizani pale si wa kuchekesha.

Wakikuambia riwaya ni za watu wa mbali, usikubali. Chuo unachoingia kilifunguliwa mwaka 1956, na jina la Chuo Kikuu cha Lubumbashi kililipata mwaka 1981. Katikati hapo, miaka ya 1970, alifundisha Valentin-Yves Mudimbe, mtoto wa Likasi aliyezaliwa 1941, mwanafalsafa na mtunzi wa riwaya. Mtu wa kwetu, kwenye madarasa ya kwetu.

Vitabu vyangu viko kwa shangazi, Katuba. Chukua vitatu, vingine nimeshawaahidi watu. Anza na kile chembamba, hata wasiopenda kusoma hukimaliza. Kile cha upelelezi hakimo. Tulikubaliana kizunguke kati yetu, sasa kiko Kolwezi kwa Mjiolojia, na baada ya Mwanasheria ni zamu yangu. Kikinifikia nitakutumia, kurasa zote zikiwemo.

Yaya wako, mkubwa wako