F ya hisabati imenisimamisha njiani kwenda kusomea udaktari

Shikamoo dada mshauri, nanyi wasomaji wenzangu habari za kazi.

Mimi ni tabibu kwenye zahanati ya kijiji mkoani Rukwa, nina miaka 27. Stashahada ya utabibu nilimaliza na GPA 3.8, na tangu hapo nia yangu ni moja tu, kusomea udaktari wa binadamu. Tunaoingia na stashahada tunadaiwa GPA isiyopungua 3.0, basi nikajiona nimeshavuka. Nikakusanya vyeti, nikaomba AVN yangu, namba ya kuthibitisha stashahada, kwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, nikawa naweka akiba kidogo kidogo kwenye simu.

Ndipo nikakaa na mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa waombaji wenye sifa linganishi, yaani sisi wa stashahada, nikausoma mstari kwa mstari. Kozi ninayoitaka inaangalia na cheti cha kidato cha nne, na hisabati wanataka angalau D. Mimi nina F. Kwenye stashahada haikunizuia, kwa sababu masomo ya sayansi nilifaulu, nami nikaisahau kabisa.

Kidato cha tatu chote hatukuwa na mwalimu wa hisabati. Inaniuma kwa sababu leo kazi yangu ni hesabu kutwa. Juzi mama mmoja kaniletea mtoto anachemka homa. Nikampima, kilo 8. Paracetamol ni miligramu 15 kwa kila kilo, inakuja 120, na dawa yetu ya maji ina miligramu 120 kwenye mililita 5, basi kijiko kimoja cha dawa. Niliipiga kichwani huku nimemshika mtoto. Jioni nikafungua daftari la hisabati kwenye mada ya logi, mstari wa tatu nikakwama, nikalia.

Najua naweza kujisajili NECTA, baraza la mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafanya somo hilo moja Novemba, matokeo yakatoka kabla vyuo havijafungua dirisha la maombi. D inaanzia alama 30. Ila huku tuisheni hakuna. Mwalimu wa karibu yuko sekondari ya kata, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda, na zahanati tuko wawili tu. Nikiondoka, mwenzangu anabaki na foleni yote.

Kaka yangu anasema niachane na udaktari, niombe shahada nyingine isiyodai hisabati. Miaka mitano ya chuo, juu yake mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo, na mdogo wetu anasoma kwa mshahara wangu. Hoja yake naielewa, na usiku ndiyo inayoninyima usingizi. Mama hajasema neno. Aliuza magunia mawili ya mahindi, akanitumia hela ya vitabu bila mimi kumwomba.

Naomba mnisaidie, hasa mliopita njia hii. Uliyerudia somo moja, chuo kilikubali cheti cha zamani pamoja na kipya? Kwa mtu aliyekaa miaka kumi bila kushika hisabati, uanze na mada zipi ili ufikie hizo 30? Na ruhusa ya masomo, nimweleze mwajiri mapema, au nisubiri mpaka nipate chuo?

Ada ya mtihani ninayo. Usajili unakaribia kufungwa, na kaka anakuja Jumapili kusikia nimeamua nini.

Tabibu, Rukwa