Barua kwa mwanangu: kabla hujafuta programu kwenye laptopu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Bibi yako anakusalimu sana, na anauliza kama huko Morogoro unakula vizuri.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema laptopu niliyokupa kutoka steshenari inakuchosha: ukifungua orodha ya programu unakuta kurasa na kurasa za ikoni, nyingi hujui kazi yake, na sasa unataka kuzifuta zote. Subiri kwanza. Nyingi ya hizo zilikuwa za kazi ya duka, na una haki ya kuzitoa, maana mashine ni yako sasa. Ila nataka ujue unachokitoa ni kitu gani, kwa sababu Ubuntu, mfumo unaoendesha laptopu hiyo, inatenganisha mambo mawili ambayo watu wengi wanayachanganya.

Ikoni unayoiona ni bango, programu yenyewe ndiyo duka. Hapa mtaani kwetu umeshaona bango limeshushwa na duka linaendelea kuuza, na umeshaona duka lililofungwa zamani ambalo bango lake linaning'inia hadi leo. Kwenye kompyuta bango hilo ni faili dogo la maandishi ambalo jina lake linaishia na .desktop. Mafaili ya watumiaji wote wa mashine yamo kwenye /usr/share/applications, na yako wewe peke yako yamo kwenye ~/.local/share/applications (alama ya ~ ni folda yako binafsi). Programu za snap, yaani zilizowekwa kwa njia nyingine ya Ubuntu ya kuweka programu, zina folda yake, /var/lib/snapd/desktop/applications. Orodha unayoilalamikia haifanyi kingine ila kusoma folda hizo na kukuonyesha ilichokikuta.

Ule mstari wa ikoni ulio pembeni mwa skrini ni kitu kingine kabisa. Ukibandua ikoni pale, programu haijaguswa, na kwenye orodha kubwa bado ipo. Mwenzio wa chumbani anayetumia Windows naye mwambie hivyo hivyo: kubandua ikoni kwenye menyu ya kuanzia si kuiondoa programu.

Sasa tuanze na zile za kuondoa kweli. Scribus nilikuwa nikipangia kadi za harusi na vipeperushi. Wewe huna kazi nayo. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike sudo apt remove scribus, kisha sudo apt autoremove, ili vile vilivyoingia kwa ajili yake navyo vitoke. Neno sudo linaomba ruhusa ya msimamizi wa mashine, na apt ndiyo inayoweka na kuondoa programu. Ukitaka na mipangilio yake ya mfumo ifutike, badala ya remove andika purge. Za snap zinaondolewa kwa sudo snap remove na jina la programu. Snap ina tabia ya kuhifadhi nakala ya data ya programu uliyoiondoa kwa siku 31, kwa hiyo usishangae ukiona nafasi ya diski haijarudi yote; ukitaka iondoke papo hapo ongeza --purge.

Hapa nakuomba unisikilize kama mama yako. Kabla ya kukubali, apt inakuandikia orodha ya vyote vitakavyoondoka. Isome yote, jina kwa jina. Ukiona unataka kutoa kimoja na orodha imejaa majina usiyoyajua, kataa, funga, uniulize. Wako watu wanaoona python3, ambayo ni lugha ya kuandikia programu, wanasema "mimi siandiki programu, hii ya nini?", wanaiondoa, na skrini yote ya kufanyia kazi inaondoka nayo, kwa sababu sehemu kubwa ya Ubuntu inaitegemea.

Halafu zipo za kuficha tu. LibreOffice Math ni moja. Najua hujawahi kuifungua, lakini wewe unasomea ualimu wa hesabu, na ukiingiza fomula ndani ya Writer, ile ya kuandikia nyaraka, hiyo ndiyo inayofanya kazi chini kwa chini. Usiiondoe, ishushe bango. Andika hivi:

cp /usr/share/applications/libreoffice-math.desktop ~/.local/share/applications/

Kisha fungua nakala hiyo uongeze mstari NoDisplay=true; ukikuta tayari kuna NoDisplay=false, badilisha huo huo. Uweke chini ya [Desktop Entry] pale juu, usiuweke mwisho wa faili. Mwisho wa faili hilo kuna sehemu nyingine inayoanza na [Desktop Action, na mstari ukiangukia huko hautafanya chochote, utabaki ukijiuliza umekosea wapi. Nakala yako ina jina lile lile la faili la mfumo, na mfumo unaipa kipaumbele ya kwako. Ndiyo maana hatugusi faili la asili: siku programu ikisasishwa, lile la asili huandikwa upya na kazi yako ikapotea. Ukiitaka ikoni irudi, futa nakala tu.

Zinabaki zile ulizosema ukizibofya hakuna kinachotokea. Hizo ni mabango ya maduka yaliyofungwa. Dukani tuliwahi kutumia programu ya Windows ya kupangia picha za pasipoti, tukiiendesha kwa Wine, inayowezesha programu za Windows kufanya kazi ndani ya Ubuntu. Programu ilishatoka, ikoni zake zikabaki. Nenda kwenye folda yako, bonyeza Ctrl na H ili folda zilizofichwa zionekane, ingia .local, share, applications, utakuta folda ya wine. Futa za humo. Yale mafaili yanayoanza na chrome- na kuishia na Default.desktop ni njia za mkato za tovuti zilizowekwa kupitia Chrome; ya tovuti usiyoitaka nayo futa. Kwa haya hakuna haja ya sudo, na ukijikuta unalazimika kuitumia, basi umeingia folda siyo.

Kuondoa Scribus hakufuti kadi zilizotengenezwa nayo. Zimo kwenye folda ya nyaraka, ndani ya folda niliyoiita Harusi. Nitumie folda hiyo yote kabla ya Ijumaa, kuna mteja wa Makorora anataka kadi ya mdogo wake ifanane na ile ya kwake.

Mama yako