Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujalilipia Gari Lile

Majengo, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu nyingi, nakuarifu kwamba sisi huku hatujambo, na picha za gari ulizonitumia nimeziona zote. Kwa macho ni gari zuri, na bei yake haikunishtua; lakini hakuna picha hata moja inayoonyesha uvungu wake, na kwetu pwani uvungu ndio gari.

Wewe umezoea magari ya Nairobi, ambako kutu huchelewa. Gari lililolala miaka kando ya bahari huko Nyali, au lililovuka feri ya Likoni asubuhi na jioni, hupigwa na upepo wa chumvi kila siku, na chumvi hiyo hujificha kwenye maungio ya bodi, juu ya matairi na kwenye mabomba ya breki, ikatafuna polepole huku rangi ya nje inang'aa. Marehemu baba yako alinunua la namna hiyo mwaka uliozaliwa. Alilikagua usiku kwa tochi, akaona uvungu umepakwa rangi nyeusi nzito, akadhani ni dalili ya matunzo. Miezi mitatu baadaye fundi aliugonga kwa bisibisi, nayo bisibisi ikazama. Gharama ya kuchomelea ilikaribia nusu ya bei, na mkufu uliouzwa ulikuwa wangu, ingawa yeye hakupenda jambo hilo likumbushwe.

Kwa hiyo usikubali gari likaguliwe na fundi wa muuzaji, hata akiapa kwamba ni ndugu yake. Tafuta fundi wako, umlipe wewe, na gari liwekwe juu ya shimo la gereji mchana kweupe, ili aguse kila sehemu kwa mkono wake. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa juzi ni sababu ya kugonga zaidi.

Injini iangaliwe ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaiwasha kabla hamjafika, huenda anaficha uzito wake wa kuwaka, nawe umwambie kwa adabu kwamba mtarudi kesho. Kifuniko cha oili kikifunguliwa na kukutwa na utando mzito wa rangi ya maziwa, basi pengine maji yameingia kwenye oili, na gasketi ya juu ya injini ndiyo ya kwanza kushukiwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Halafu liendesheni mpaka Mazeras, kwa maana mlima ule hufichua giaboksi inayoteleza na rejeta iliyochoka, mambo ambayo duara mbili za mtaani hazitakuonyesha kamwe. Njiani jicho lako liwe kwenye mshale wa joto.

Kilomita zilizo kwenye dashibodi usiziamini peke yake, kwa kuwa hurudishwa nyuma. Ulinganishe na pedali ya breki iliyolika, ngozi ya usukani, na tarakimu nne za mwisho za msimbo wa tairi: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kuhusu makaratasi, nenda kwenye mtandao wa serikali ukaitafute namba ya gari katika kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, uone kama jina la mwenyewe ndilo la mtu anayekuuzia, na kama kuna benki iliyoandikishwa pamoja naye. Namba ya chesisi uisome kwenye chuma chenyewe, si kwenye karatasi anayokushikisha. Umiliki uhamishwe kwa jina lako kwa njia hiyo hiyo ya mtandao. Mkataba wa mkono peke yake haukutoshi.

Fundi wetu wa Magongo nimeshazungumza naye, na amekubali Jumamosi saa mbili asubuhi. Njoo Ijumaa jioni ulale hapa, na fedha zibaki benki.

Mimi mama yako.