Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa maji na majitaka: ulisema kabla ya mvua, hukusema mvua zipi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam nyingi. Natumaini wewe na familia hamjambo, na huko mnakoishi harufu haifiki.

Mimi ni mama lishe hapa Mbeya, karibu na Mwanjelwa. Nimekwisha kuleta barua mbili ofisini kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Mihuri mizuri, inasomeka vizuri. Hii ya tatu naiweka hadharani kwa sababu ya Jumapili usiku.

Mvua ilianza saa 3. Kufika saa 5 chemba ya majitaka ya nyuma ya banda ikawa inachemka, mfuniko ukanyanyuka, kisha choo cha ndani nacho kikaanza kurudisha. Nilikuwa na gunia la mchele wa Kyela sakafuni, nimelichukua Ijumaa kwa mkopo. Lililowa chini tu, jirani akasema chota wa juu. Mheshimiwa, ungeula wewe? Nimeumwaga wote. Deni halikumwagika.

Tangu siku hiyo bodaboda na wapakiaji wa sokoni, wateja wangu wa miaka, wananisalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Mjukuu wangu nilimkaushia madaftari juu ya jiko, mwalimu akamuuliza harufu hiyo ni ya nini.

Gari lako la kuzibua lilifika Jumatano. Vijana wako siwalaumu, walifanya kazi. Walitoa matambara, mchanga, nepi, na mabonge meupe kama sabuni ya mche. Mafuta hayo, wakaniambia. Hapo niliona aibu, maana mafuta ya kukaangia hata mimi nilikuwa namwaga kwenye karo. Nimeacha, sasa yanakwenda kwenye dumu. Lakini kwa baridi yetu ya Juni na Julai, kama yanaganda sufuriani, bombani yataachaje? Yanakaa humo kiangazi kizima yakishika mchanga, wala hakuna anayefunua chemba hata moja. Novemba ikiingia, maji ya mapaa yaliyoelekezwa kwenye chemba kinyemela (wenye mapaa hayo mnawajua, yana ghorofa chini yake) yanateremka kwa kasi na kukuta bomba limebaki tundu la kidole. Kwenye mabwawa ya majitaka ya Kalobe hayafiki. Yanakuja kwangu.

Na bomba lenyewe, wazee wa mtaa wanasema ni lile lile la enzi nyumba za hapa zinahesabika. Mwaka jana kwenye mkutano ulisimama ukatuahidi jipya kabla ya mvua. Tulipiga makofi, mimi nikaongeza na kigelegele. Kigelegele changu nakidai.

Tozo ya majitaka kwenye bili, hiyo haijawahi kuziba hata mwezi mmoja.

Nikukumbushe na hili. Bwana afya mmoja aliwahi kunipiga faini kwa kumwaga maji ya vyombo barabarani, akanitajia mpaka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Nililipa. Sasa nauliza tu, sheria hiyo inaona ya beseni peke yake? Ya bomba haiyaoni?

Nilitaka bomba jipya. Nilitaka pia nilipwe gunia langu. Nimepunguza. Nikasema basi, gari hilo hilo lije Agosti au Septemba, ardhi ikiwa kavu, lisafishe chemba zote kuanzia sokoni kabla hazijaziba, maana ninyi mnaota na mvua kama uyoga. Hilo bado nalitaka.

Lakini leo naomba mfuniko. Jumatano waliuacha pembeni, umepasuka vipande viwili. Nimeziba shimo kwa bati na jiwe, na watoto wa shule wanapita hapo saa 12 asubuhi kungali na ukungu. Mfuniko tu, Mheshimiwa. Wiki hii.

Wako,
Mama lishe wa chemba ya nyuma