Barua kwa Mjomba kuhusu Mchoraji wa Bonde la Stour

Ipswich, Uingereza

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta u mzima wewe, mkaza mjomba, bibi na wote wa hapo Mikindani, na kwamba mikorosho imetoa maua vizuri baada ya kupuliziwa salfa. Mimi sijambo. Huku ni majira ya joto, na jua halizami mpaka saa tatu usiku.

Ujumbe wako kuhusu mdogo wangu nimeupata. Umeniuliza kama uchoraji unaweza kumlisha mtu pamoja na mke na watoto, na kama si afadhali, ikiwa kuacha hataki, aende Dar es Salaam akajiunge na wachoraji wa Tingatinga ambao wageni wananunua kazi zao. Kwa kuwa katika mila zetu wewe ndiwe mwenye kauli juu yetu sisi watoto wa dada yako, sikuona heshima kukujibu kwa maneno machache ya simu. Nimeamua kuandika kwa kirefu, na jibu langu nitalipitisha katika maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa si mbali na mji huu ninaoishi, kwa sababu wazazi wake walikabiliwa na maswali hayo hayo.

Mtu huyo ni John Constable. Alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 katika kijiji cha East Bergholt, Suffolk, juu ya bonde la mto Stour ambao ni mpaka kati ya Suffolk na Essex. Baba yake, Golding Constable, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye uwezo. Alimiliki vinu vya kusagia ngano vinavyoendeshwa kwa nguvu ya maji, kimoja Flatford na kingine Dedham, na alikuwa na matishali ya kubebea mzigo mtoni pamoja na chombo cha kuupeleka London kwa njia ya bahari. Mwanawe wa kwanza alikuwa na ulemavu wa akili, hivyo John, wa pili kwa wavulana, ndiye aliyetazamiwa kushika mali. Alipomaliza shule aliingizwa kazini kinuni, naye aliifanya. Lakini kila alipopata nafasi alikwenda mashambani kuchora pamoja na jirani yao, John Dunthorne, fundi wa mabomba na vioo aliyependa rangi kama yeye. Mwaka 1799, John akiwa na umri wa miaka 22, mzee alikubali, akampa posho ndogo, naye akaenda London kusoma katika shule ya Royal Academy, chama cha kifalme cha wachoraji na wachongaji. Biashara ikaja kushikwa na mdogo wake, Abram.

Hapa naomba tukae kidogo, Mjomba, kwa maana watu wakisimulia habari za Constable humsifu yeye peke yake, na mimi naona sifa hiyo imepungua. Baba yake alipofariki mwaka 1816, mali haikuuzwa ikagawanywa; iliachwa mikononi mwa Abram, naye akawa anampelekea John fungu lake la faida mwaka hadi mwaka. Kama Abram angesema kwamba anayetaka kula sharti aje kusaga, pengine leo hakuna ambaye angelijua jina la Constable. Katika jumba la makumbusho la hapa Ipswich, liitwalo Christchurch Mansion, ambalo kuingia ni bure, picha za familia hii zimetunzwa, na miongoni mwa zile ninazozirudia ni sura ya Abram ambayo kaka yake aliichora: kijana mtulivu, mtu wa hesabu.

Kuhusu kula kwa uchoraji, ukweli ni kwamba picha za mandhari, yaani za mashamba, mito na anga, hazikumlisha kwa miaka mingi. Kilichomletea fedha zake mwenyewe mwanzoni ni picha za sura za watu. Wakulima wenye nafasi na wafanyabiashara wa Suffolk na Essex walitaka nyuso zao na za watoto wao zibaki ukutani, naye alizichora. Mwaka 1804, kwa mfano, aliichora familia ya Bridges ya Lawford, wazazi na watoto pamoja, katika picha moja kubwa. Moyo wake haukuwa huko, na kusema kweli baadhi ya nyuso hizo ni kavu. Hata hivyo nadhani kazi hiyo ilimfundisha kupatana na mteja na kumaliza kitu alichoahidi. Pale alipompenda anayemchora, mkono wake ulikuwa mwingine kabisa. Mwaka 1816 alimchora mchumba wake, Maria Bicknell, na akamwandikia kwamba kuitazama picha ile kunamtuliza roho katika kila taabu.

Umeuliza pia nani atampa mke kijana asiye na mshahara, na swali hilo Constable alilijua vizuri. Yeye na Maria walipendana kuanzia mwaka 1809, lakini babu yake Maria, Dkt. Rhudde, ambaye alikuwa kasisi wa East Bergholt, alimkataa kabisa, na baba wa binti alihofia kwamba mtoto wake angekosa urithi wa babu kwa ajili ya mchoraji asiye na kipato. Walisubiri kwa muda wa miaka saba. Waliweza kuoana Oktoba 1816, baada ya wazazi wa John wote wawili kufariki na yeye kupata fungu lake katika ile biashara ya nafaka. Walijaliwa watoto saba. Kwa hiyo sitakuambia kwamba wakwe watarajiwa walikosea kuogopa.

Sasa nije kwenye suala la kwenda mbali, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka 1802 Constable alipewa nafasi ya kufundisha uchoraji katika chuo cha kijeshi, kazi ya mshahara wa hakika, akaikataa. Mwaka huo huo alimwandikia Dunthorne kwamba kwa miaka miwili alikuwa akikimbilia picha za watu wengine na kuutafuta ukweli kupitia mikono yao, na kwamba sasa atarudi Bergholt kuchora alichokiona kwa macho yake. Wachoraji wa zama zake walikwenda Italia kutafuta magofu na milima. Yeye hakuwahi kutoka nje ya Uingereza. Alipopelekwa mwaka 1806 kwenye milima na maziwa ya kaskazini, ambako wengine walishangilia, upweke wa milima ile ulimlemea. Alitaka mahali penye watu, vijiji, mashamba na kazi.

Tena kazi hasa. Kuna picha yake aliyoichora mwaka 1814 na kuionyesha mwaka 1815, sasa imo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London, inayoonyesha tishali likiundwa kando ya mto, pale Flatford, katika gati kavu la baba yake. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimama muda mrefu. Mataruma, vumbi la mbao, zana zilizolala chini, chungu cha lami kikifuka moshi, fundi ameinama na kazi yake: ni wale wale mafundi wetu wa mashua, Mjomba, isipokuwa kwamba mti ni mwingine na kofia ni nyingine. Picha hiyo karibu yote aliichora pale pale nje, siku baada ya siku, na ndiyo maana kila ubao una mahali pake na kila fundi anafanya jambo ambalo fundi wa kweli hulifanya.

Katika kiangazi cha mwaka 1815, miezi michache baada ya mama yake kufariki, alipanda ghorofani katika nyumba ya baba yake akachora kilichoonekana nyuma ya nyumba: bustani ya maua katika picha moja, na bustani ya mboga katika picha ya pili. Zote mbili ziko hapa Ipswich. Ni ndogo, kila moja haizidi upana wa meza ya shule, na hazikuwa za kuuzwa. Kwenye ile ya mboga unaona matuta, ghala, mashamba ya nafaka, kinu cha upepo cha familia kwa mbali, na nyumba ya yule babu aliyemnyima Maria. Sijui picha nyingine inayoeleza namna hii hali ya mtu aliyerudi kwao akiwa na msiba na mapenzi kwa wakati mmoja, wakati hakuna hata uso mmoja uliochorwa kuonyesha huzuni.

Baadaye, akiwa anaishi London na familia, aliendelea kuchora mto ule ule kwenye turubai za urefu wa karibu mita mbili. Inayojulikana kuliko zote ni The Hay Wain ya mwaka 1821: mkokoteni wa farasi umesimama ndani ya maji ya kina kifupi karibu na kinu cha Flatford, na kushoto ipo nyumba ya mkulima Willy Lott, ambayo hadi leo imesimama. Alipohitaji kuhakikisha umbo la mkokoteni aliomba nyumbani, na mtoto wa Dunthorne akamchorea, Abram akampelekea. London picha ile haikupata mnunuzi mwaka ule. Mfanyabiashara mmoja wa Ufaransa aliinunua, ikaonyeshwa Paris mwaka 1824, na mfalme Charles wa Kumi akampa Constable medali ya dhahabu. Leo imo katika jumba la taifa la picha, London. Huko kwao uanachama kamili wa Royal Academy aliupata Februari 1829, akiwa na miaka 52, kwa kura moja tu ya ziada. Na Maria alikuwa amekwisha kufariki kwa kifua kikuu miezi michache kabla. Mwenyewe alifariki tarehe 31 Machi 1837. Lakini alikuwa hai bado siku ile aliposafiri kwa gari la farasi akalisifu bonde la Dedham mbele ya abiria asiyemfahamu, na abiria akamjibu kwamba hiyo ni nchi ya Constable.

Nina heshima kubwa kwa kazi ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa kusini, mzaliwa wa Tunduru, na mtindo aliouanzisha Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa juu ya hadibodi, unalisha familia nyingi ingawa yeye alifariki mwaka 1972. Lakini mdogo wangu hachori twiga na tembo kutoka kichwani. Picha alizonitumia kwa simu ni za maji ya Mikindani yanapokupwa, za Boma la Wajerumani lenye ukuta uliochubuka, za akina mama wakibangua korosho. Akienda Dar es Salaam atalazimika kujifunza mkono wa mwingine, na haya anayoyajua hatakuwa nayo mbele ya macho. Ni nani aliyekwisha kuchora ghuba ya Lindi pale Lukuledi inapoingia baharini, au bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu kule Newala, kwa rangi za mafuta, mtu aliyezaliwa huko?

Ombi langu basi ni hili. Wakati wa mavuno, kuanzia Oktoba mpaka minada iishe, awe shambani na wenzake kama kawaida, asichague kazi. Miezi mingine mwache achore hapo hapo. Rangi za mafuta, brashi na turubai nitagharimia mimi. Kwa ajili ya fedha zake mwenyewe achore sura za watu: wazee, maharusi, familia zinazotaka kumbukumbu ya marehemu kutoka kwenye picha ndogo; apatane bei kabla ya kuanza na achukue malipo ya awali. Mandhari azichore nje, si kutoka kwenye simu. Mwambie pia afanye alivyofanya Constable mwaka 1821 na 1822 kule Hampstead, pembeni mwa London, alipochora mawingu matupu, moja baada ya jingine, na nyuma ya karatasi nyingi akaandika tarehe, saa na upepo unakotoka. Kijana wa pwani hashindwi kutofautisha anga la kusi na anga la kaskazi, na wewe uliyekwenda baharini unaweza kumsahihisha akikosea.

Najua naomba kwamba wewe na binamu zangu mbebe sehemu ya mzigo wake, kama Abram alivyoubeba wa kaka yake. Ndiyo maana nataka mkubaliane mbele ya mama na bibi, muda uwekwe, na baada ya misimu miwili tuitazame kazi kwa pamoja.

Kazi yake ya kwanza ya kulipwa naiagiza mimi. Naomba akuchore wewe, umekaa barazani kwa kanzu na kofia yako, na madaftari ya korosho pembeni. Bei atakayoitaja nitailipa bila kumwomba apunguze, na nusu nimekwisha kuituma kwa mama. Tafadhali nijibu kabla mavuno hayajaanza ili nijue nitume turubai za ukubwa gani.

Nisalimie wote.

Mpwa wako akupendaye na kukuheshimu.