Jane Austen naye alikuwa na dada zake

Ndugu Mhariri,

Jumapili mmemmwagia sifa Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, ukurasa mzima, sawa, hata mimi nampenda, nimefundisha Kiingereza sekondari hapa Dodoma mpaka nikastaafu na vitabu vyake nimevichakaza, ila pale mlipoandika eti kabla yake hakukuwa na mwanamke wa maana kwenye riwaya za Uingereza nikaweka kikombe cha chai chini.

Frances Burney mmemwacha wapi? Riwaya yake Evelina imetoka 1778, Austen katoto ka miaka miwili! Na hilo jina la kitabu cha Austen mnalolishangilia, Pride and Prejudice, limo kwenye riwaya nyingine ya huyohuyo Burney, Cecilia ya 1782, sura ya mwisho kabisa, maneno yaleyale kwa herufi kubwa, tena mara tatu. Austen cha kwake katoa 1813. Sisemi kaiba, maana mwenyewe wala hakuficha kwamba anamsoma Burney. Mwaka 1796 Burney alipotoa Camilla watu walichanga hela mapema kabla kitabu hakijachapwa na majina yao yakawekwa kurasa za mbele, kama daftari la michango ya harusi vile, na humo yumo "Miss J. Austen, Steventon", binti wa miaka 20. Halafu ndani ya riwaya yake Northanger Abbey Austen anazitaja Cecilia na Camilla pamoja na Belinda ya Maria Edgeworth, mwandishi mwanamke mwingine, akiwasuta wanaoona aibu kukutwa wanasoma riwaya. Yaani yeye kawapa heshima yao hadharani, sisi ndo tumewafuta. Na Ann Radcliffe, naye mwandishi wa riwaya wa enzi hizo, je? 1794 alilipwa pauni 500 kwa riwaya moja, wakati Pride and Prejudice iliuzwa pauni 110 tu, na leo ukimtaja watu wanakukodolea macho.

Na tusiwacheke Waingereza. Juzi nimepita kwa kijana mmoja anayetandika vitabu vya mtumba pale Sabasaba, baada ya shikamoo nikamwambia natafuta Shida, riwaya ya Ndyanao Balisidya ya 1975. Kanitazama kwa huruma kweli: "Shida gani tena mama?" Nikamwambia ni kitabu mwanangu, kaandika mwanamke, Mtanzania mwenzetu. Akapekua chini ya maboksi weee, mwisho akaibuka na Pride and Prejudice haina jalada, elfu tatu. Nikainunua. Sasa ninazo nne.

Mwalimu mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma