Njia ya mzunguko ya Lathkill Dale

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeniuliza njia ya mzunguko yenye mto, msitu na migodi ya kale, ambayo mtu anaweza kuimaliza kwa siku moja bila kiongozi. Nenda Lathkill Dale, huko Derbyshire, Uingereza. Nitakuelekeza kwa mpangilio utakaoupita, ila nina ombi moja: muda wote yaangalie maji. Wachimbaji wa madini ya risasi wa bonde hili walisumbuliwa na maji kuliko mwamba, na karibu kila gofu utakaloliona lilijengwa kwa ajili ya kuyaondoa mgodini.

Anzia kijiji cha Over Haddon, kilomita mbili na nusu hivi kutoka mji wa Bakewell. Kuna maegesho ya kulipia na vyoo. Vitumie, kwa sababu ukishaingia bondeni hutakuta vingine. Chukua ramani ya karatasi, Explorer OL24, maana simu hupoteza mtandao kule chini. Mzunguko wote ni kama kilomita 10. Jipe saa nne.

Teremka kwa barabara yenye kona kali hadi Lathkill Lodge, nyumba iliyo kando ya mto. Usivuke mto. Geuka kulia, upande unakotoka maji, mto ukiwa kushoto kwako. Baada ya mita mia sita hivi utaziona nguzo za mawe zimesimama kando ya njia kama miguu ya daraja lisilo na mgongo. Ni mabaki ya mfereji wa juu uliopeleka maji kwenye gurudumu la mgodi wa Mandale. Gofu la nyumba ya injini liko juu kidogo, kulia. Hapa tulia, usipite mbio. Mwaka 1797 walianza kuchimba handaki la kutoa maji chini ya mgodi, na kazi hiyo ikachukua miaka 23. Halikutosha. Mwaka 1840 wakafunga gurudumu la maji lenye kipenyo cha futi 35, na 1847 wakaongeza injini ya mvuke. Mwaka 1851 mgodi ukafungwa. Ona mkasa wenyewe: maji ya mto yaliletwa yazungushe gurudumu ili pampu ziyatoe maji ya mgodini, halafu yote yakarudi mtoni. Mto ulipopungua kiangazi, gurudumu lilikosa nguvu.

Mbele kidogo kuna kidaraja cha miguu upande wa kushoto kinachokupeleka Bateman's House. Vuka. Ni gofu la nyumba ya James Bateman, msimamizi wa mgodi wa jirani wa Lathkill Dale, na ilijengwa juu kabisa ya shimo la mgodi. Kuna ngazi ya chuma ya kushukia na mpini wa kuzungusha unaowasha taa ili uone shimo linavyozama. Beba tochi yako pia, usiutegemee mpini peke yake. Shuka ukiwa umetazama ngazi, mkoba uuache juu. Mgodi huu jirani ulikuwa na gurudumu la futi 52, kubwa kuliko la Mandale, nao ulifungwa 1842.

Mashimo mengine msituni hayana ngazi wala taa. Usiache njia kufuata kichuguu chochote cha kifusi, kwani mdomo wa shimo la kale unaweza kufunikwa na majani na matawi tu. Vifusi hivyo bado vina risasi. Usile kabla ya kunawa mikono, na mwenye mbwa asimwache anywe kwenye vidimbwi vilivyo juu yake. Pamoja na hayo, mwanzoni mwa kiangazi vichungulie vifusi hivyo kwa karibu: huota vimaua vyeupe vinavyovumilia sumu hiyo, mahali ambapo mimea mingine imeshindwa.

Miti mingi ya bonde hili ni ashi, na imeshambuliwa na ugonjwa wa kuvu unaoiua kuanzia matawi ya juu. Siku ya upepo mkali ahirisha safari, maana tawi lililokufa halitoi onyo.

Kutoka Bateman's House rudi kwa kidaraja kilekile, uendelee kupanda na mto ukiwa kushoto kwako. Kiangazi kikiwa kikavu utashangaa kuona mto umekwisha, yamebaki mawe tu. Haujafa, umezama kwenye nyufa za mawe ya chokaa na kwenye mashimo na mahandaki yaleyale ya wachimbaji. Ukitaka kuuona umejaa, nenda baada ya mvua za majira ya baridi, na ukubali matope. Mawe ya chokaa yaliyosuguliwa na nyayo huteleza kama sabuni yakilowa, hivyo viatu viwe na soli yenye meno.

Kilomita tatu na kitu kutoka Lathkill Lodge kuna kidaraja kinachoingia Cales Dale, bonde dogo la pembeni. Kabla ya kuvuka, nenda mita mia nne mbele hadi Lathkill Head Cave, pango ambalo mto hutoka humo nyakati za mvua, kisha urudi. Vuka, panda Cales Dale, halafu shika ngazi za kushoto kuelekea shamba la Calling Low. Wengi hukosea hapa wakaenda kulia, One Ash Grange. Ngazi ni kali lakini fupi.

Juu ni mashamba matupu. Fuata alama hadi maegesho ya Moor Lane, kisha kaskazini-mashariki hadi Meadow Place Grange. Funga kila geti. Ng'ombe wenye ndama wazungukie kwa mbali.

Kutoka hapo unashuka msituni hadi mtoni, mkabala na Lathkill Lodge, na kuvuka kwa daraja la mawe bapa. Usiumalize mwendo wako hapo kichwani: imebaki ile barabara ya kona kali, safari hii kuipanda. Bakiza maji ya kunywa na kipande cha mkate kwa ajili yake.

Wako daima,
Salma